Mart'nália kuimba nyimbo za Vinicius de Moraes: samba imerudi kwa wenyewe au ni kuendelea kumtukuza bwana mkubwa?

Wadau, leo naleta mada ya muziki na naomba tuijadili kwa hoja, msikimbilie kuuliza Brazil inatuhusu nini.

Kwa ambao hawajaisikia, mwaka 2019 mwimbaji wa samba (muziki wa ngoma wenye mizizi kwa Wabrazili weusi) wa Rio de Janeiro anaitwa Mart'nália alitoa albamu nzima ya nyimbo ambazo maneno yake aliandika Vinicius de Moraes. Huyu Vinicius ndo mwandishi wa maneno ya Garota de Ipanema, ule wimbo ambao hata asiyejua Brazil iko upande gani wa dunia ameshausikia hotelini. Albamu ikachukua tuzo ya Latin Grammy mwaka huohuo upande wa samba. Mpaka hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi unaanzia kwenye swali hili: mwanamke mweusi, mtoto wa Martinho da Vila, gwiji wa samba, mtu aliyekulia ndani ya samba kabisa, kwa nini albamu nzima aipeleke kwa mshairi mzungu, mtoto wa watu, aliyesoma Oxford na kufanya kazi ya ubalozi, wakati kuna watunzi weusi chungu nzima waliokufa maskini na nyimbo zao hazina wa kuziimba? Wapo wanaosema ni usaliti kabisa. Wapo wanaosema muziki hauna rangi tuache maneno. Mimi kote huko sipo na nitaeleza kwa nini.

Kwanza niwape haki yao wanaolalamika, maana wana hoja nzito na huwa inajibiwa kirahisi mno. Chukua mwaka 1956. Vinicius anapandisha tamthilia yake Orfeu da Conceição pale Theatro Municipal, jumba la fahari la Rio, waigizaji weusi, hadithi ya favela, yaani mitaa ya mabanda ya maskini, muziki wa mtunzi Tom Jobim, jukwaa limechorwa na msanifu majengo Oscar Niemeyer. Jiji zima linashangilia. Miaka hiyohiyo ya 1950, Cartola, mmoja wa waasisi wa shule ya samba ya Mangueira (shule ya samba ni kikundi kinachoshindana kwenye kanivali), mtunzi ambaye mpaka leo watu wa samba wakimtaja wanavua kofia, alikuwa anaosha magari Ipanema, mtaa wa wenye nazo ufukweni Rio. Ipanema hiyohiyo! Albamu yake ya kwanza mwenyewe ilitoka 1974, mzee ana miaka 65. Kabla ya hapo alikuwa anauza nyimbo zake kwa waimbaji wenye majina ili apate hela ya kula. Sasa ukiliweka hilo pembeni ya maisha ya Vinicius, mtu akikasirika namwelewa, na anayemwambia "muziki hauna rangi" hamjibu, anamnyamazisha tu.

Na Vinicius mwenyewe alikuwa na maneno yake. Kwenye Samba da Bênção kuna sehemu anaacha kuimba anaanza kuongea, anajitambulisha kama mzungu mweusi kuliko wazungu wote wa Brazil, wa ukoo wa moja kwa moja wa Xangô, mungu wa radi aliyetoka Afrika. Hapo wengi wanamaliza kunukuu, wanaanza kumshambulia. Ila sentensi hiyohiyo anajiita pia capitão do mato, yaani yule mtu aliyekuwa analipwa kusaka watumwa watoro porini na kuwarudisha kwa mabwana. Hebu fikirini, mtu anajitangaza mtoto wa Xangô na msaka watoro kwa pumzi moja. Mimi siwezi kusikia majivuno matupu pale. Nasikia mtu anayejua vizuri anatokea upande gani wa historia. Halafu baada ya hapo anaanza kuomba baraka kwa majina, Pixinguinha, Sinhô, Cartola, Ismael Silva, Nelson Cavaquinho na wengine, anawataja mmoja mmoja kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ya watu. Na ndani ya wimbo huohuo anasema samba hata ikiwa nyeupe kwenye ushairi, moyoni ni nyeusi mno. Mnaweza kusema alikuwa na haki gani ya kusema hivyo, lakini msiseme hakujua.

Tena wanaomwita bwana mkubwa wanasahau kwamba serikali ya kijeshi ilimfukuza kwenye utumishi wa ubalozi mwaka 1969. Miaka mitatu kabla, 1966, yeye na mpiga gitaa Baden Powell walitoa Os Afro-sambas, nyimbo za Xangô, Iemanjá, Ossanha, mizimu na miungu iliyovuka bahari ndani ya majahazi ya watumwa. Na Baden hakuwa mzungu wa Ipanema, alikuwa mtu wa vitongoji vya Rio, kwa hiyo ukisema "nyimbo za Vinicius" unakuwa umeshamfuta Baden papo hapo, na hili ni kosa ambalo pande zote mbili za mjadala huu mnalifanya. Wimbo unakuwa na mwenye maneno na mwenye sauti ya gitaa, na mara nyingi jina linalobaki kwenye kasha la albamu ni moja.

Sisi huku pwani ya Afrika Mashariki tunalijua hili kutokea upande wa pili. Kwenye taarabu mshairi anaandika shairi, anampa mwimbaji, na anayetunzwa pale ukumbini ni mwimbaji. Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurekodi, kilichorudi Zanzibar ni jina la Siti. Wangapi hapa mnaweza kuwataja watunzi wa mashairi yale? Kwa hiyo swali la wimbo ni wa nani si geni kwetu, tofauti ni kwamba Brazil kwa Vinicius mshairi ndo amebaki na jina na waimbaji wanakuja wanapita.

Na hapo ndipo naiona maana ya albamu ya Mart'nália. Huyu mama hakuletwa kwenye samba na shirika la muziki. Alianza kwenye bendi ya baba yake, kuitikia na kupiga ngoma, na mpaka leo anaimba kama mpiga ngoma, anachelewa kidogo nyuma ya mdundo, sauti nzito ina mkwaruzo, kama anaongea na wewe mmekaa kibarazani. Nyimbo za Vinicius tumezoea kuzisikia kwa sauti za chini za bossa nova, ile samba iliyotulizwa, laini, za sebuleni, gitaa moja na mtu ananong'ona. Mart'nália anazichukua anazishusha kwa watu wanaocheza, tari linasikika, na ghafla unagundua wimbo uliodhani ni wa huzuni ya wenye nazo ulikuwa samba muda wote, ulikuwa umefichwa tu. Sikilizeni wenyewe kwa spika nzuri, sio simu.

Halafu kuna jambo wanaume wengi kwenye mijadala hii wanaliruka. Vinicius alioa mara tisa, na maneno yake yamejaa mwanamume anayemtazama mwanamke, anamsifu, anampangia awe vipi. Ndiye aliyeandika kwenye shairi kwamba wasio wazuri wamsamehe lakini uzuri ni lazima. Mashairi ya mtu huyo yanapotoka kinywani mwa mwanamke anayesema wazi kwamba anapenda wanawake, yule mwanamume mwenye kutazama hayupo tena ndani ya wimbo. Anabaki mtu anayempenda mtu. Kwangu mimi hii peke yake inatosha kuipa albamu sababu ya kuwepo, na sijui mwimbaji gani wa kiume angeweza kuifanya.

NAONGEZA baada ya kusoma majibu yenu.

Kuna mdau kaandika kwamba Mart'nália anatafuta soko la watu wa tabaka la juu, ndo maana hakumchagua mtunzi wa mtaani kwao. Ndugu yangu, mtaani kwao ni Vila Isabel, na mtunzi mkubwa kuliko wote wa Vila Isabel ni Noel Rosa, mzungu, aliyeacha masomo ya udaktari akafa na miaka 26 mwaka 1937. Baba yake Mart'nália mwaka 2010 alitoa albamu nzima ya Noel. Martinho huyohuyo ndiye aliyekuwa anakwenda Angola tangu miaka ya 1970, na ndiye aliyeleta wazo la onyesho la Kizomba lililoipa shule ya samba ya Vila Isabel ubingwa wa kanivali 1988, mwaka wa 100 tangu utumwa ufutwe Brazil. Utamwita huyo mzee msaliti? Familia hii haihitaji kufundishwa weusi na sisi.

Mwingine kauliza, basi kama kila mtu anaweza kuimba cha kila mtu, ubaguzi unabaki wapi? Swali zuri sana hili na jibu langu ni kwamba tuutafute kwenye mikataba. Pelo Telefone, samba maarufu ya mwanzo, ilizaliwa kwenye mikusanyiko ya nyumbani kwa Tia Ciata, mama wa kutoka Bahia aliyekuwa anapika na kuendesha ibada za Candomblé, dini ya Wabrazili yenye asili ya Afrika, watu wengi walichangia, lakini 1916 aliyekwenda kuisajili kwa jina lake ni Donga, na kelele zilianza hapohapo. Donga naye alikuwa mweusi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tatizo la samba limekuwa nani anaandikwa na nani analipwa mirabaha, na nani anafunguliwa mlango wa studio akiwa kijana badala ya kusubiri mpaka mvi zimejaa. Kumzuia Mart'nália asiimbe Vinicius hakumrudishii Cartola hata senti moja ya nyimbo alizouza.

Kwa hiyo msimamo wangu mie: albamu ni halali, ni nzuri, na inamfanyia Vinicius kitu ambacho yeye mwenyewe aliomba pale anapiga hodi kwa wakubwa wa samba. Amejibiwa na mtoto wa nyumba. Deni la watunzi weusi liko palepale na wanaodai wasiache kudai, ila wadai kwa wale walionunua nyimbo kwa bei ya mlo, sio kwa Mart'nália.

Mnaopinga, hasa wewe uliyesema angeimba nyimbo za Nelson Cavaquinho badala yake, taja nyimbo kumi ambazo ungetaka aziimbe, tuziweke hapa tuzisikilize moja moja halafu tuendelee kubishana.