Programu ipige hodi kwanza au iingie tu?

Mkazi_Makole: Wakuu, jana kwenye ofisi moja hapa Dodoma nimeambiwa "mfumo haupo". Nikachungulia skrini: kitufe cha kutoa namba ya malipo kimefifia. Kumbe programu inakagua huduma mara moja tu, inapowashwa asubuhi. Ikikuta imelala, inafunga kitufe mpaka mtu azime awashe. Huduma ilirudi saa tatu, sisi benchi mpaka saa sita. Si itume tu ombi, likigoma idake kosa?

Fundi_Seva: Itume tu! Ndivyo mnavyokaririshwa chuoni UDOM. Weka systemctl is-active, ile amri ya Linux ya kuuliza kama huduma iko hai, ikirudisha 1 huduma haipo, mwananchi aambiwe ukweli aende nyumbani.

Zabibu_Kavu: Huduma ikizimwa inarudisha 3, mzee. 0 ndiyo iko hai. Na hai maana yake mchakato unapumua, sio kwamba unajibu. Halafu UDOM imeingiaje hapa?

Fundi_Seva: Dogo punguza. Mimi nimefunga seva hapa tangu serikali inahamia, nyie mko Hombolo mnachuma zabibu.

Binti_Nzuguni: Zabibu zimekukosea nini? Makao makuu yalitangazwa hapa 1973. Nyie wa Dar ndio mliochelewa, mkaja na vumbi mnalilalamikia kila siku.

Kimya_Kingi: Kuna vitu viwili mnavichanganya. Simu isiyo na dira haitaipata kesho: kwenye Android getSystemService (njia ya programu kuomba huduma ya simu) ikirudisha null, yaani hakuna kitu, au kihisi hakipo, ficha kitufe, sawa. Ila seva inalala na kuamka. Hata ukikagua, inaweza kufa kabla ombi halijafika, kwa hiyo kosa utalidaka tu. Cha kuogopa ni jibu likichelewa, programu ikatuma tena, mtu akapewa namba mbili za malipo.

Fundi_Seva: Vumbi gani nimelalamikia? Niletee.

Binti_Nzuguni: Uzi wako wa Agosti, ule wa upepo. Uliandika mpaka chai ina mchanga 😂

Zabibu_Kavu: 😂😂 Na ile 1 umeitoa wapi, mzee?

Mkazi_Makole: Nimerudi leo. Kitufe bado kimefifia. Nimemwomba dada azime awashe, anasema hajaruhusiwa, mpaka aje aliyeifunga.

Fundi_Seva: Ofisi ipi hiyo? Njoo inboksi.

Zabibu_Kavu: Ahaaa.