Naomba ushauri: mzazi anyimwe samaki na mboga?

Asalaam aleikum jamani. Mdogo wangu amejifungua hapa Lamu, bado yuko ndani ya arobaini, ananyonyesha. Mama mkwe anamtunza vizuri mno: uji wa pilipili manga asubuhi, supu ya kuku jioni, kukandwa na maji moto. Ila amemkataza samaki, eti maziwa yatanuka, na mbaazi za nazi, eti mtoto atajaa gesi. Mchicha pia hapana. Mtoto wa watu anakula wali mweupe na supu tu, akinyonyesha anasikia kizunguzungu.

Kliniki wameambiwa anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi, kama kalori 500 kwa siku, ale kila aina na anywe maji ya kutosha. Najua papa ana zebaki nyingi, huyo sawa aachwe. Lakini tafi, changu, dagaa? Huku kwetu ndicho kitoweo!

Waliolea naomba mniambie: mlikula nini mkapata nguvu? Na nimwambieje mama mkwe bila kumvunjia heshima? Hicho kizunguzungu nitampeleka kupimwa damu kesho inshallah.