Udongo wa Kigamboni mchanga mtupu, naanzaje bustani ya mboga?

Mkaazi_Kibada: Habari zenu wakuu. Nyuma ya nyumba hapa Kibada, Kigamboni, nina kaeneo nataka mchicha, matembele na bamia za kula nyumbani. Ila udongo kichanga, unamwagilia asubuhi, saa sita mchana pamekauka, mchicha umeota umefika vidole viwili ukawa njano. Jamaa ananiambia nimwage lori la udongo mwekundu juu yake, kweli itasaidia?

Jembe_Halilali: Usinunue lori mkuu, huo udongo mara nyingi unachimbwa chini sana hauna rutuba. Kwanza ujue ulionao. Chukua chupa ya plastiki, weka udongo theluthi, jaza maji, tikisa sana uache mpaka kesho. Mchanga unatua mara moja, mfinyanzi ndo unakaa juu mwishoni. Hapo Kibada hilo tabaka la juu litakuwa jembamba mno, na mfinyanzi na mboji ndo vinashika maji na chakula cha mmea, so hata ukiweka mbolea ya urea maji yanaishusha chini mizizi haiipati, njano haiishi.

Mama wa Matembele: Niko Mbagala, mchanga huohuo. Mchangani hatunyanyui tuta jamani, tunalizamisha kidogo ili maji yabaki. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri ndoo mbili kubwa kila mita ya mraba, changanya na udongo wa juu kina cha jembe, mwagia, acha wiki mbili ndo upande. Makumbi ya nazi yakatekate uchanganye, yanatunza maji balaa, na juu tandaza nyasi kavu. Mbolea ya kuku mbichi usiguse, inaunguza miche. Na samadi rudisha kila msimu maana kwa joto letu inaisha haraka.

Pwani_Kijani: Maji ni ya kisima? Yaonje. Kama yana chumvi, spinachi itavumilia ila maharage achana nayo, na majivu usimwage ovyo yanaongeza chumvi.

Mkaazi_Kibada: Lori basi tena. Maji yana chumvi kwa mbali, mvua nitakinga. Bamia za jirani zinadumaa, ni udongo pia?

Jembe_Halilali: Mwambie ang'oe moja aangalie mizizi. Ikiwa na vinundu vinundu hao ni minyoo fundo, wanapenda sana kichanga. Hapo asirudie bamia wala nyanya, abadilishe zao kwanza. Akitaka uhakika zaidi apeleke sampuli maabara ya udongo, SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) Morogoro wanapima.