Naomba ushauri: mama watoto hataki wanangu waende tena mtoni kuosha dhahabu

Baba Kokoto: Wakuu, habari za jioni. Nipo Chunya kikazi tangu mwaka jana. Jumamosi nachukua wanangu wawili tunashuka kijitoni kuokota mawe na kuosha mchanga kwa karai. Si biashara, ni kuwatoa kwenye katuni tu. Mkubwa ana trei ya mayai, kila shimo na jiwe lake. Mdogo kazi yake kumenya ulanga, lile jiwe la kung'aa lenye matabaka, ngozi baada ya ngozi, anaangalia jua kupitia humo. Sasa mama yao kasema mwisho. Nimweleweshe vipi? Na je, karai la plastiki lenye mifereji linalizidi hili langu la bati?

Mti Mkavu: Nimekaa siti ya mbele, ngoja waje wataalamu.

Mzee wa Marudio: Chukua plastiki nyeusi, punje inaonekana. Hilo la bati kama lina mafuta, dhahabu laini inaelea na unaimwaga huku unaiona. Tia tone la sabuni ya maji. Zungusha polepole, dhahabu ina uzito mara 19 wa maji, lazima ikae chini pamoja na mchanga mweusi. Mchanga huo uvute kwa sumaku uliyoivika mfuko wa nailoni. Hapo Lupa watu wameosha tangu miaka ya 1920. Babu yangu alitoka huko na baiskeli moja na mke wa pili.

Chumvi Nyingi: Baiskeli ilidumu?

Mama Wawili: Mleta mada, mwanamke hakatazi bure. Kasemaje hasa?

Baba Kokoto: Mambo ya usalama tu. Si mnawajua.

Wakili wa Mtaani: Leseni ya madini unayo? Na Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka mtoni. Halafu kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto na kazi hatarishi haviendi pamoja. Ukikamatwa usije kutuita wakuu.

Mwana Geita: Wakili naye, mtoto na karai Jumamosi keshakuwa mgodi? Wangu walijaza kopo zima la "dhahabu", wakaanza kugawana magari. Nikawapa nyundo. Dhahabu ukiigonga inatandazika, ile yao ikawa unga. Wengine sugueni nyuma ya kigae, upande usio na rangi: dhahabu inaacha mstari wa njano, pairaiti, ile dhahabu ya uongo, inaacha mweusi. Walilia, lakini sasa hakuna dalali atakayewadanganya.

Mama Wawili: Sijajibiwa. Usalama upi? Maji? Nyoka? Mashimo yaliyoachwa wazi?

Baba Kokoto: Haya. Punje tunazopata ni vumbi, hazishikiki. Jamaa mmoja wa mwaloni, kule wanakochenjulia dhahabu, akanigawia zebaki ya kuzinasa, kwenye kichupa cha dawa. Nikachanganya, nikachoma kwa kikaango uani, watoto wakiwa pembeni. Kabla ya hapo mdogo aliichezea kiganjani maana inakimbia-kimbia. Mama yao akatokea. Lakini mwaloni watu wanachoma kila siku na wana wajukuu, moshi wenyewe hata haunuki. Na jamaa nimeshamwambia aniletee nyingine.

Nesi wa Zamu: Kutonuka ndiyo hatari yenyewe. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, unapita mapafuni unakwenda kwenye ubongo na figo, na mtoto huumia zaidi ya mkubwa. Hata bila moto inapanda hewani. Kikaango kisirudi jikoni, hata ukisugue kwa majivu. Kichupa kifunge vizuri, usimwage chooni wala mtoni. Watoto wapeleke hospitali, na useme neno zebaki, usiseme mafua.

Baba Kokoto: Dada, ni tone tu. Na uani kwangu kuna upepo.

Mzee wa Marudio: Mwanangu, mimi nimechoma miaka mingi. Leo nikishika kikombe, chai inaishia kwenye sahani. Kama ni lazima uyeyushe, uliza habari za boraksi, unga wa kuyeyushia dhahabu bila zebaki. Kwa vumbi la watoto wala huhitaji kuyeyusha, liweke kwenye chupa ya maji waliangalie.

Mti Mkavu: Mzee, chai imejaa uzi mzima, si kwako tu. Mleta mada, mwezi uliopita ulifungua uzi una miaka 24, hujaoa, unatafuta chumba Mbagala. Huyo mkubwa ulimzaa ukiwa darasa la ngapi?

Chumvi Nyingi: Wekeni linki jamani!

Baba Kokoto: Akaunti tunatumia na mdogo wangu.

Wakili wa Mtaani: Na chumba alipata?

Mwana Geita: Nilijua tu. Mtu wa Chunya gani anauliza habari za karai mtandaoni, si angeuliza jirani?

Nesi wa Zamu: Iwe chai iwe uji, kuna anayesoma hapa akiwa nayo ndani. Mleta mada, kichupa kiko wapi sasa hivi?

Baba Kokoto: Juu ya kabati la vyombo.

Mama Wawili: JIKONI?

Baba Kokoto: Nimeshakihamishia bafuni.

Mti Mkavu: Chumba cha Mbagala alichokuwa anatafuta kilikuwa hakina bafu.