Ramu 4GB, kivinjari gani: nibaki Chrome au nihamie Firefox, Edge, Opera?

StesheneriNgamiani:
Wakuu, kwema? Nina kibanda cha stesheneri hapa Ngamiani, Tanga, kwenye barabara za namba. Kompyuta ni ya zamani: Windows 10, ramu 4GB, diski ya kuzunguka. Intaneti ni hotspoti ya simu, bando la kupima. Asubuhi mambo yaenda. Ikifika saa nne, huyu anajaza maombi ya mkopo wa chuo, yule anataka cheti cha kuzaliwa, mashine inanuna. Jana nikapima kwa saa ya simu: ukurasa mmoja wa habari, Chrome niliyoizoea na Firefox niliyoishusha juzi. Chrome ikashinda kwa mbali. Sasa mbona kila mtu ananiambia nihame?

Chumbageni_wa_zamani:
Umeshindanisha mwenyeji na mgeni kutafuta nyumba barabara ya 14! Ukurasa huo kwenye Chrome umeshaufungua mara ngapi? Picha zake zimo kwenye kache tayari, yaani akiba ya kivinjari kwenye diski. Firefox ilibeba kila kitu upya, tena kwa bando lako. Rudia kwa dirisha la faragha, kimoja kimoja, kingine kikiwa kimefungwa kabisa, mara tatu tatu. Ukitaka kipimo kisichotegemea mtandao, kipo Speedometer 3 cha mwaka 2024, kilichotolewa na watengeneza vivinjari wenyewe, Apple, Google na Mozilla wakiwemo. Kinapima ukurasa unavyoitikia ukibonyeza.

BiMakorora:
Na jueni kwamba Edge tangu 2020 imejengwa juu ya Chromium, msingi uleule wa Chrome. Opera na Brave hali kadhalika. Kutoka Chrome kwenda Opera ni kubadili bodi, injini ileile. Firefox ndiyo yenye injini yake, Gecko.

Mie nadhani ugonjwa wako ni ramu. Vivinjari vya sasa huzipa tovuti michakato tofauti, ili moja ikianguka au ikiwa na hila isiziguse nyingine. Usalama huo hulipiwa kwa ramu. Ikijaa, Windows huanza kuhamishia mambo kwenye diski, na hiyo yako ya kuzunguka ndiyo inayonuna. Una tabu ngapi wazi? (Jina limezifaa hasa.) Chrome ina kiokoa kumbukumbu kwenye mipangilio, Edge nayo hulaza tabu zisizotumika. Washa hicho kabla hujahama.

FundiPongwe:
Nakubali, ila mmesahau matangazo. Kwenye kurasa za habari ndiyo mzigo wenyewe, na bando linalipa. Firefox weka uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo, imekwisha. Chrome mpya zimeacha kuikubali ile kamili, imebaki ile nyepesi, Lite. Brave huzuia yenyewe bila kuongeza kitu.

MwanaRaskazone:
Mie bado Windows 7 jamani, msinicheke.

FundiPongwe:
Hatucheki. Chrome iliishia toleo la 109 kwa Windows 7, Firefox ikaishia 115. Kwa mambo ya benki usiitumie hiyo.

BiMakorora:
Mwenye mada, ukihama usihamishe paswadi ovyo. Chrome huzitoa kwa faili la CSV, na humo zimeandikwa wazi, yeyote anasoma. Mashine ya dukani, wateja wanachomeka flashi! Likishaingia Firefox, lifute, na pipa la taka ulimwage. Na za wateja usikubali kuzihifadhi kabisa.

StesheneriNgamiani:
Ahsante dada. Nimerejea. Tabu zilikuwa 23, nane za mteja aliyeondoka jana. Kwa dirisha la faragha tofauti ya Chrome na Firefox sikuiona kwa macho. Nilipoweka uBlock, ule ukurasa wa habari ukafunguka upesi hata kijana wangu akauliza nimenunua bando gani. Basi kurasa za kawaida natumia Firefox, na Chrome nimeibakiza kwa fomu moja inayogoma kwingine.

Tatizo jipya: mteja wa kwanza leo kaangalia skrini, kaniuliza, "Google umeipeleka wapi?" Kaondoka kwenda kibanda cha jirani.

FundiPongwe:
Rudisha ile ikoni ya rangi nne mezani, mkuu, upesi!