Mhimili wa galaksi ya M83 siuoni

NyotaShela: Assalaam aleikum. Niko Shela, Lamu. M83 naipata, lakini ni wingu tu lenye kitone katikati. Mhimili, ule utepe wa nyota unaopita katikati, uko wapi? Darubini ni ya inchi 8, fokasi milimita 1200, lenzi ya jicho milimita 25.

KizaTotoro: Waaleikum salaam. Hapo unakuza mara 48 tu. Weka lenzi ya milimita 10, upate mara 120. Anga litazidi weusi. Kaa gizani nusu saa, kisha usikikodolee kiini, tazama pembeni yake kidogo. Mhimili ni utepe hafifu wa kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi, mikono ya galaksi iliyojipinda huanzia nchani mwake. Ndio unaosukuma gesi kuelekea kiini, ndiyo maana kitone kinang'aa vile: nyota zinazaliwa kwa wingi. Galaksi yenyewe iko miaka ya nuru milioni 15 hivi, tangu 1923 zimeonekana supanova (milipuko ya nyota) sita!

Mmalindi: Ngoja mwezi usiwepo. Mwanzoni mwa Juni, saa tatu usiku, iko juu kabisa, nyuzi 62 hivi upande wa kusini. Angalia pia kioo cha darubini: kusi huleta chumvi. Usikifute kikavu, kitakwaruzika. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa (distilled).