Ulinganisho: koo tupu, maiki za sakafuni au maiki za mwilini? Ukumbi wa viti 300, paa la mabati

BiPazia (saa 12:48 asubuhi)

Asubuhi njema wapenzi wa jukwaa. Chai imeshamiminwa, mwenye mahamri karibu, mwenye ushauri karibu zaidi.

Leo nina swali la sauti. Ukumbi wa jamii, viti 300. Kutoka ukingo wa jukwaa hadi safu ya mwisho ni mita 22. Jukwaa ni la mbao, upana mita 8, kina mita 6. Kuta za matofali zilizopigwa plasta, paa la mabati, dari hakuna. Waigizaji 9, igizo la dakika 80, mazungumzo matupu isipokuwa nyimbo mbili. Fedha inatosha jambo moja tu: kukodi maiki 3 bapa za sakafuni, au kukodi seti 8 za maiki za mwilini zisizo na waya, au tusikodi kitu na fedha yote iende kwenye mapazia. Mngechagua lipi, na kwa nini?

MwalimuPumzi (saa 1:05)

Za asubuhi Bi Pazia. Koo tupu. Mita 22 hazimshindi mwigizaji aliyefunzwa. Ukumbi wa Epidauro kule Ugiriki, wa karne ya 4 kabla ya Kristo, hubeba maelfu ya watu na hadi leo huigizwa humo.

Ila tusidanganyane kwamba kazi ni kupaza sauti. Kinachopotea njiani ni konsonanti, na Kiswahili kinaadhibu hapo kuliko watu wanavyodhani. "Atakuja" na "hatakuja" zinatenganishwa na h moja, sauti laini kama pumzi. Ikimezwa, safu ya 15 imesikia bwana harusi anakuja wakati ndiyo kwanza amekataa. "Amepiga" na "amepigwa" nazo zinatenganishwa na w, tena iliyo kwenye silabi ya mwisho, ambayo kwetu haina mkazo na ndiyo waigizaji huishusha. Kwa hiyo mazoezi yawe ya kuanza neno vizuri na kulimaliza, si ya kufoka.

Dawa: wiki ya kwanza wasome mistari kwa kunong'ona kwa nguvu, mmoja ukingoni mwa jukwaa, mwenzake mita 10 mbali. Anayenong'ona hana sauti ya koo ya kumficha, analazimika kutumia midomo na ulimi. Dakika 10 zinatosha, zaidi ya hapo koo linakauka. Kisha warudie kwa sauti ya kawaida.

FundiSpika (saa 1:11)

Mwalimu, Epidauro haina paa la mabati.

FundiSpika (saa 1:26)

Haya, sasa kwa utulivu, nimeshakunywa chai.

Ukumbi huo ukiwa na kuta tupu na paa tupu, sauti haipotei, bali inakataa kuondoka. Silabi ya kwanza bado inazunguka wakati ya tatu inatamkwa, na zote zinalundikana. Ukimwambia mwigizaji apaze zaidi, na mwangwi unapanda pamoja naye. Ndiyo maana kuna kumbi ambazo watu wanapiga kelele na bado huelewi neno.

Kipimo cha bure: simama katikati ya jukwaa, piga kofi moja kali, sikiliza mpaka mkia wa sauti ufe. Kwa mazungumzo unataka karibu sekunde moja. Ukifika mbili na kupanda, usikodi maiki yoyote kabla ya kushughulikia kuta, kwa sababu spika itaongeza sauti kwenye chumba kilekile kinachokusumbua. Ukumbi mtupu unavuma kuliko uliojaa, miili na nguo hunyonya sauti, kwa hiyo usikate tamaa kwa kofi la kwanza.

Mapazia: mazito, yenye mikunjo. Ukuta wa mita 6 unahitaji kitambaa cha mita 12 ili mikunjo iwepo. Yaning'inie sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani, yasiugandamie. Pengo hilo ndilo linaloyafanya yanase hata sauti nzito kidogo. Anza na ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na jukwaa, maana ndio unaorudisha sauti ikiwa imechelewa kuliko zote. Trei za mayai waachieni wauza mayai. Hugusa sauti nyembamba sana tu, na zinashika moto upesi.

KijanaMikisa (saa 1:40)

Wakubwa shikamooni. Mimi naitetea kambi ya maiki za mwilini.

Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hushuka desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Maiki iliyo sentimita 3 kutoka mdomoni ukiilinganisha na ya sakafuni iliyo karibu mita 2, umbali umejizidisha maradufu mara sita. Hizo ni desibeli 36 hivi. Yaani ile ya sakafuni lazima uifungue mno ndipo imsikie mtu, na ikishafunguka hivyo inasikia pia feni, hatua za miguu na spika yenyewe, kisha spika inaanza kupiga mluzi. Ya mwilini inamsikia mwenyewe basi.

Hasara zake:

Kwanza, inataka mtu mezani asiyeinua macho kutoka kwenye mswada. Maiki 8 zilizo wazi kwa pamoja si sawa na moja. Kila idadi ya maiki wazi ikizidi maradufu unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi. Kutoka 1 hadi 8 ni desibeli 9. Kanuni ni moja: anayesema ana maiki wazi, aliyenyamaza amefungwa. Wawili wakikumbatiana fungua ya mmoja tu, vinginevyo kila sauti inaingia mara mbili na inasikika kama mtu yuko ndani ya pipa.

Pili, masafa, yaani mawimbi ya redio ambayo seti hurushia sauti. Soma kibandiko cha seti kabla ya kulipa. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, katika Kanda ya 1 ambayo Afrika imo, ilishaelekeza MHz 694 hadi 862 kwa mitandao ya simu. Seti za zamani zinazofanya kazi humo bado zinazunguka kwenye maduka ya kukodisha. Asubuhi, ukumbi ukiwa mtupu, zinafanya kazi vizuri. Usiku, simu 300 zikiingia, zinakohoa. Chukua za chini ya 694. Na usipange masafa kwa kuyaachanisha sawasawa, mfano 600, 601, 602, kwa sababu yakichanganyika huzaa masafa mengine yanayoangukia yaleyale mnayotumia. Tumia kundi moja lililokwishapangwa na mtengenezaji, washa seti zote 8 kwa pamoja, ndipo ujaribu. Vipokezi vikae kando ya jukwaa vikiona waigizaji, si kule nyuma kwenye meza.

Tatu, betri. Mpya kila onyesho. Mita ya betri za kuchaji inadanganya: ni za volti 1.2, kipimo hukaa katikati muda mrefu kisha huanguka ghafla, kwa kawaida katikati ya maneno ya mhusika mkuu.

DadaVazi (saa 1:52)

Kijana marahaba, lakini umesahau kwamba hiyo maiki inavaliwa na mtu anayetoka jasho.

Kifuani chini ya kanga ni mahali pabaya. Kitambaa kinasugua, na kidevu kikigeuka sauti inabadilika. Kanzu iliyotiwa wanga ni mbaya zaidi, inakwaruza kama karatasi. Mahali pazuri ni paji la uso, pale nywele zinapoanzia, kichwa cha maiki kikichungulia milimita chache tu. Kilemba ni zawadi: waya unapita chini yake, unashuka nyuma ya shingo, unashikwa na plasta ya hospitali sehemu mbili. Acha ulegevu kidogo shingoni ili akigeuza kichwa waya usivute. Kofia yenye ukingo mpana inarudisha sauti kwenye maiki na kuiharibu. Huyo mwekee shavuni, karibu na sikio.

Kisanduku cha kurushia mawimbi kinakaa kiunoni nyuma, ndani ya mfuko wa kitambaa ulioshonwa, antena ikinyooka bila kukunjwa. Kwa jasho, mafundi wengi hukivalisha kondomu isiyo na mafuta. Mnacheka, lakini ndiyo kinga nafuu kuliko zote. Yenye mafuta itaharibu kisanduku na vazi pamoja.

Sauti ya mtu ikizibika ghafla kama amefunikwa blanketi, ni tone la jasho kwenye tundu la maiki. Futa, pulizia hewa baridi, au badilisha. Ndiyo sababu ya kutoomba seti 8 kwa watu 8: uwe na ya akiba. Na wewe Bi Pazia una watu 9.

NyumaYaPazia (saa 2:03)

Mvua. Mabati. Hamjaitaja.

Ikinyesha kwa kishindo juu ya mabati bila dari, koo tupu limeshindwa na sakafu imeshindwa. Maiki za sakafuni zitanasa mvua na kuirudisha kwa spika. Za mwilini zitajitahidi kidogo. Kama ni msimu wa masika, andikeni mapema kwenye mswada sehemu mbili ambapo onyesho linaweza kusimama bila kuvunjika, na waigizaji wazijue. Angalieni pia saa ya adhana ya isha, msiweke tukio la kunong'ona hapo. Kupanga hakugharimu kitu.

FundiSpika (saa 2:15)

@KijanaMikisa hesabu yako ni sahihi kwa uwanja wa wazi, na hata ukumbini inatosha kuonyesha tofauti. Lakini unalinganisha maiki kana kwamba zote zina kazi moja. Ya sakafuni haitakiwi kumkuza mtu mpaka awe redio. Inaongeza kidogo, ili safu za nyuma zisikie zile h na w za Mwalimu. Ukiitumia hivyo, mluzi hauji.

Namna ya kuzipanga kwa jukwaa la mita 8: moja katikati, mbili kushoto na kulia umbali wa mita 2.5 hivi, zote sentimita 40 kutoka ukingoni. Zinataka volti 48 kutoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Zisipowashwa kimya kinatokea na watu huanza kulaumu waya. Chini ya kila moja weka kipande cha sponji chembamba, kwa sababu jukwaa la mbao ni ngoma. Kwenye mikisa kata kila sauti nzito iliyo chini ya Hz 120 (mitetemo kwa sekunde), punguza kidogo kati ya 250 na 400 kama kunavuma. Waigizaji wavae soli laini au watembee peku. Fungua iliyo karibu na anayesema, nyingine zishushe, maana sauti moja ikifika kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti inajikata yenyewe.

Spika mbili zikae mbele ya mstari wa maiki, zimeinuliwa juu ya vichwa, zimeelekezwa kwenye theluthi ya nyuma ya watazamaji na si ukutani. Ukiongeza spika ya katikati ya ukumbi, icheleweshe. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti huenda karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo mita 12 ni milisekunde 34. Ongeza 10 ili sikio liamini kwamba sauti inatoka kwa mwigizaji.

BiPazia (saa 2:24)

Nimewasoma wote. Nyimbo mbili je? Moja ni ya mtu peke yake, ya pili ni ya wote.

KijanaMikisa (saa 2:31)

Ya wote haihitaji kitu, watu 9 wanajaza ukumbi huo. Ya peke yake kodi maiki moja tu ya mwilini, avae huyo mwimbaji, ifunguliwe wimbo ukianza na ifungwe ukiisha. Seti moja ya chini ya 694 haina matatizo ya masafa kugongana na inaangaliwa na mtu yeyote. Nikisema ukweli, kama huna mtu wa mezani aliyehudhuria mazoezi angalau manne, hata mimi nisingekushauri seti 8. Maiki 8 zikiachwa wazi zote ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

MwalimuPumzi (saa 2:38)

Hapo tumekutana, kijana. Basi Bi Pazia, utaratibu uwe huu: mapazia ya ukuta wa nyuma kwanza. Kisha pima. Andika jozi 30 za maneno yanayokaribiana: atakuja na hatakuja, amepiga na amepigwa, njoo na njooni, anaoa na anaolewa. Mwigizaji anachagua neno moja katika kila jozi na kulisema ndani ya sentensi ya kawaida, feni zikizunguka kama zitakavyozunguka usiku wa onyesho. Msikilizaji aliyeko safu ya mwisho, pembeni, anaandika alichosikia. Yakipotea matatu au chini ya hapo, nendeni na koo tupu. Yakizidi, kodini za sakafuni. Rudieni mwigizaji akiwa amegeukia pembeni na akiwa amewapa watu mgongo, maana sauti nyembamba husafiri mbele ya uso na mgongo huzila. Mgongo ukifeli kila mara, la kubadilisha ni mahali pa kusimama, si vifaa.

BiPazia (saa 2:44)

Sawa. Mapazia mita 12, kipimo Jumamosi saa tatu asubuhi, maiki moja ya mwimbaji. Za sakafuni tutaamua baada ya karatasi. Msaidizi wangu atakaa safu ya mwisho.

NyumaYaPazia (saa 2:47)

Msaidizi wako ameshaujua mswada wote. Atasikia hata neno lisilosemwa. Mweke mlinzi wa ukumbi.